Kabla Hujanunua Programu ya Hesabu

Kama wafika mnadani Msalato siku ya Jumamosi, wajua jinsi mali inavyopita mikononi mwa watu. Mwingine huandika katika daftari, mwingine hutia kichwani tu. Kwa mwenye mbuzi watano, yatosha. Lakini tuseme wewe na ndugu zako mna kinu cha kukamua alizeti, wafanyakazi 30, malori mawili, na wakulima wa vijiji sita wanaowadai. Hapo daftari huelemewa. Basi atakuja kijana na kompyuta yake, naye atasema programu yake itatunza ghala, mishahara, madeni na kodi, yote pamoja.

Usimfukuze. Programu za namna hiyo zipo nyingi, na zafaa: Tally ya India, QuickBooks ya Marekani, Odoo ya Ubelgiji. Ila usianze kwa kuuliza bei. Mpe gunia moja la alizeti, alipitishe katika programu mbele ya macho yako: limepimwa mlangoni, mwenyewe amelipwa nusu, limekamuliwa, yametoka mafuta na mashudu. Akikosa mahali pa kuandika mashudu, programu ile ilitungwa kwa ajili ya duka, haikutungwa kwa kinu. Muulize pia kama yapatana na mashine ya EFD, ambayo wafanya biashara wa Tanzania walianza kutakiwa kuitumia mwaka 2010. Tena muulize jambo ambalo wengi hulisahau: ukiacha kulipa ada ya mwaka, hesabu zako utazichukuaje?

Ukiisha kununua, daftari la zamani lisitupwe upesi. Kwa miezi mitatu karani aandike huku na huku, na kila Jumamosi hesabu mbili zilinganishwe. Kila mtu awe na neno lake la siri. Wakitumia moja wote, siku fedha zikipungua hutajua mkono wa nani ulipita. Nakala ya hesabu iwekwe pia nje ya ofisi, maana umeme hukatika na kompyuta huibwa.

Labda wasema hizo ni hofu za bure. Sikia yaliyotokea Uingereza. Mwaka 1999 Shirika la Posta la huko lilianza kueneza katika matawi yake programu iitwayo Horizon, iliyotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Programu ikaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wakuu wakaisadiki kuliko watu. Hata mwaka 2015, watu zaidi ya 900 walikuwa wamehukumiwa, wengi wao wenye vijiduka vya posta, na wengine wakatiwa gerezani. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba programu ilikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu zile. Wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Nawe mkulima, usiyenunua programu yo yote, kinu kikikuambia, “Kompyuta yasema wewe ndiwe mdaiwa,” usiondoke. Omba kuona deni liliandikwa siku gani, kwa kilo ngapi, na kwa jina la karani yupi. Kisha toa kile kikaratasi cha mzani ulichopewa mlangoni.