Vanishi Iliyogeuza Mchana Kuwa Usiku

Mwaka 1642 Rembrandt alimchora kapteni wa Amsterdam, Frans Banninck Cocq, akitoka na askari wake wa mgambo, na mwanga wa mchana ukiwamulika. Jina la "Lindo la Usiku" lilizuka karne ya 18 ikielekea ukingoni. Kufikia hapo vanishi ilikwisha kusawijika, na watu wakadhani jua limekuchwa.

Vanishi huweza kuondolewa rangi ikabaki, na siri yake ni kemia. Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi hayakauki kama maji. Huvuta oksijeni hewani, molekuli zake zikashikana kuwa utando mgumu usioyeyuka kirahisi. Vanishi ya utomvu haifungamani hivyo, basi kiyeyushi kilichopimwa vizuri huilainisha yenyewe tu. Kikiwa kikali mno, hunyonya mafuta ya rangi na kuiacha imepauka, hasara isiyo na dawa.

Novemba 2024, mbele ya macho ya wageni wa makumbusho ya Rijksmuseum, kazi ya kuuondolea mchoro huo vanishi ilianza upya. Kitambaa laini chenye kiyeyushi kidogo hulazwa juu ya mchoro, kikafyonza vanishi, kisha mabaki hufutwa kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, huku fundi akichungulia kwenye hadubini. Vanishi yenyewe ni ya miaka ya 1970, iliyopakwa baada ya mtu kuuchanachana mchoro kwa kisu mwaka 1975.

Majeraha hayo yalizibwa. Kisu cha mwaka 1715 kiliumiza zaidi, nacho kilishikwa kwa amri ya wakuu: mchoro ulipunguzwa pande zote uenee ukutani kwenye jumba la jiji, na upande wa kushoto baadhi ya watu wakapotea. Vipande hivyo havijapatikana hadi leo.

Hata hivyo vanishi isilaumiwe kupita kiasi. Mwaka 1990 mtu alirusha asidi; walinzi wakawahi kumwaga maji, na asidi ikaishia kwenye vanishi.

Adui anayenitia hofu yumo ndani ya rangi. Asidi za mafuta hukutana na madini ya risasi, zikatengeneza sabuni inayovimba kuwa vijipele vyeupe vidogo sana, vinavyosukuma rangi juu hadi ipasuke. Hivyo havifutiki kwa pamba. Unyevunyevu na joto huvichochea, kwa hiyo mafundi hudhibiti hewa ya ukumbi, usiku na mchana.