Siku 90 kabla ya kuishtaki Serikali

Mtu ametumbukia usiku kwenye mtaro uliochimbwa na halmashauri ukaachwa wazi, amevunjika mguu. Mashahidi anao, fomu ya polisi namba 3 anayo, risiti za hospitali kazitunza. Anadhani kilichobaki ni kuthibitisha uzembe tu. Kumbe kesi yake inaweza kuondolewa mahakamani kabla shahidi wa kwanza hajaapa.

Kwa Tanzania Bara, pa kuanzia ni Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5. Sheria hii inakubali kwamba Serikali hubeba makosa ya watumishi wake wakiwa kazini. Lakini kifungu cha 6 kinamtaka mdai atoe kwanza notisi ya siku zisizopungua 90 kwa waziri, idara au ofisa anayehusika, na nakala impelekee Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali.

Notisi si barua ya manung'uniko. Ieleze tarehe, mahali hasa, nani alifanya au aliacha kufanya nini, umeumia wapi na unadai kiasi gani. Ipeleke masjala mwenyewe, na usiondoke kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio ushahidi kwamba siku zimetimia. Ukifungua shauri siku ya 80, umewahi mno.

Tangu marekebisho ya 2020, masharti haya yanazigusa pia halmashauri, wakala za Serikali na mashirika ya umma. Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kama mdaiwa. Ukimsahau, wakili wa Serikali ataweka pingamizi la awali, na mguu wako hautazungumziwa kabisa.

Shauri lenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu, hata dai likiwa la milioni tatu. Kwa maoni yangu hili ndilo linalomwelemea mwananchi wa kijijini kuliko hizo siku 90: nauli, malazi na wakili vinaweza kuimeza fidia nzima.

Halafu kuna ukomo wa muda wa kufungua shauri. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara, ila mwaka 1 tu pale fidia inapodaiwa kwa jambo lililofanywa, au lililoachwa, katika kutekeleza sheria. Tarajia upande wa Serikali kung'ang'ania huo mwaka 1. Kwa hiyo hesabu kuanzia siku ya ajali, siku 90 zikiwa humo humo, na usitegemee kwamba barua yako imesimamisha saa.

Kenya nako kuna notisi, ya siku 30, chini ya kifungu cha 13A cha sheria yao ya mashauri dhidi ya Serikali. Mwaka 2012 Mahakama Kuu, katika shauri la Kenya Bus Service, iliona kwamba kuifanya kuwa kizuizi cha lazima kunakiuka haki ya kikatiba ya kuifikia mahakama. Ukomo wao, hata hivyo, ni mkali: miezi 12 kwa madhara.

Ukishinda, usimtafute dalali wa mahakama. Mali ya Serikali haikamatwi wala kupigwa mnada. Unaomba mahakama ikupe hati ya kuthibitisha kiasi unachodai, unaiwasilisha kwa ofisa mwenye mamlaka ya kulipa, kisha unafuatilia malipo ofisini kwake.