Yatima Asizungushwe Nyumba kwa Nyumba

Mama amefariki, matanga yamekwisha, na wazee wamekaa kushauriana: huyu mdogo wa mwaka mmoja na nusu atalelewa na nani? Mara nyingi jibu ni kugawana mzigo. Akae kwa bibi hadi mavuno, kisha kwa shangazi, kisha kwa mama mdogo. Kwa watu wazima shauri hili ni la haki. Kwa mtoto si jema hata kidogo.

Mtoto mdogo hajui ukoo, amjua mtu. Mwaka 1954 mtaalamu mmoja, Mary Ainsworth, alifika Uganda, akawa akizitembelea nyumba 26 za Waganda katika vijiji karibu na Kampala, kila baada ya majuma mawili, kwa miezi kadhaa. Alitaka kuona watoto wanavyoachishwa ziwa, maana zamani ilikuwa desturi kumpeleka mtoto kwa jamaa ili alisahau ziwa. Akakuta wengi wameiacha desturi hiyo. Basi akatazama jambo jingine. Mtoto aliyeanza kutambaa huenda kushika hiki na kile, hugeuka kumtazama mama, humrudia, halafu huenda tena. Mama ndiye kituo chake. Tena aliona ya kuwa watoto waliotulia hivyo ndio hasa ambao mama zao waliweza kueleza habari zao kwa urefu: apenda nini, aogopa nini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967.

Je, aliyempoteza mama aweza kupata kituo kingine? Aweza. Huko Bucharest, nchini Romania, kuanzia miaka ya 2000, wataalamu waliwafuata watoto 136 waliokuwa katika nyumba za kulelea watoto, na nusu yao wakapewa wazazi walezi. Waliompata mlezi kabla ya kutimiza miaka miwili walishikamana naye vizuri zaidi kuliko waliochelewa. Hivyo kila mwezi wa kuzungushwa una hasara yake.

Ninyi mliompokea mtoto, chagueni mmoja wenu awe wake. Huyo ndiye amlishe, amwogeshe, amlaze, na ainuke usiku akilia. Wengine wasaidie kuteka maji na kutwanga. Kanga ya marehemu isifuliwe upesi. Mwacheni mtoto alale nayo. Jina la mama yake lisifichwe.

Mjihadhari na mtoto mkimya. Majirani husifu, "Ana adabu huyu, halii." Lakini mtoto mchanga aliyefiwa na asiyelia, au anayemkimbilia kila mgeni ili abebwe, huenda hajajua bado nani ni wake. Na akianza kulia, kumsukuma mlezi au kumwaga uji, si kiburi. Kaa karibu naye, useme polepole, ungoje. Huchukua miezi.

Siku moja utashika jembe kwenda shamba, naye atapiga kelele na kung'ang'ania nguo yako. Watu watasema umemdekeza. Waache waseme, sasa amekujua. Ila usitoroke kwa mlango wa nyuma. Mwage, mwachie mtu anayemzoea, umwambie utarudi jua likiinama, na urudi saa hiyo.

Ikiwa mlezi ni bibi aliyezeeka, mtu wa pili aanze mapema kuja kila siku, amlishe bibi akiwapo, hata mtoto aende kwake mwenyewe bila kuitwa.