Usingizi wa Pono, na Majina Mengine ya Mwambani

Watu wa pwani wakimwona mtu aliyelala fofofo, asiyeamshwa kwa sauti wala kwa kutikiswa, husema, "Ana usingizi wa pono." Msemo huu twausikia hata bara, kwa watu ambao hawajapata kuiona bahari. Mwanafunzi akiuliza pono ni nini, mwalimu hufungua kamusi akasoma, "aina ya samaki." Jibu hilo si la uwongo, lakini halimfai mtu. Chewa ni aina ya samaki, changu ni aina ya samaki, tasi na kitatange vilevile. Mbona basi wazee walimchagua pono awe mfano wa usingizi?

Pono hukaa katika miamba ya matumbawe, kama ile ya Watamu, Unguja na Mafia. Meno yake yameshikamana hata yakawa kama mdomo wa kasuku, na Waingereza humwita samaki kasuku kwa sababu hiyo. Mchana kutwa hukwangua mwamba, na mpiga mbizi aliye karibu huisikia sauti ya kutafuna kwake. Jua likichwa, huingia katika pango akalala. Na baadhi ya jamaa zake hutoa ute kinywani, nao huwazunguka mwili mzima kama chandalua. Wapiga mbizi wa usiku, wenye taa na mitungi ya hewa, humkuta humo ametulia kabisa. Zamani wataalamu walidhani ute huo waficha harufu yake, asinuswe na mkunga awindaye usiku. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010 ulionyesha faida nyingine: humkinga na vidudu vidogo vinyonyavyo damu ya samaki. Twaamini, basi, ya kuwa aliyeutunga msemo ule alikuwa amemtazama pono kwa macho yake.

Tena kazi ya pono ya mchana haipungui ajabu. Tumbawe, ijapokuwa laonekana kama jiwe, ni nyumba iliyojengwa na wanyama wadogo wenye miili laini, ambao hulishwa zaidi na mimea midogo mno iliyomo miilini mwao, ipatayo nguvu kwa jua. Pono hutafuta mwani na vijidudu vilivyo juu ya mwamba na ndani yake. Jiwe analolimeza husagwa kwa meno ya kooni, kisha hutoka likiwa mchanga mweupe. Pono mkubwa aweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Basi sehemu ya mchanga tuukanyagao ufukoni imepita tumboni mwa samaki. (Watoto hucheka sana wakiambiwa hayo, wala hawasahau.)

Mwaka 1998 bahari ilipata joto jingi mno, mimea ile midogo ikatoka, matumbawe yakawa meupe, na mengi sana katika Bahari ya Hindi yakafa. Mwamba uliokufa huota mwani upesi, na tumbawe changa halipati mahali pa kushika, isipokuwa pono na wenzake wawepo kuulisha. Avuaye pono wote kwa nyavu amwondoa msafishaji. Apigaye baruti avunja na nyumba yenyewe. Katika kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, mwamba wa upande wa magharibi ulitengwa kwa sheria mwaka 1994, usivuliwe.

Majina mengine ya mwambani ni ya mzaha tu. Yule mnyama mwenye mikono mitano kama nyota huitwa kiti cha pweza, ingawa pweza hamkalii. Pweza mwenyewe ana mioyo mitatu na damu ya rangi ya buluu, naye hubadili rangi na ngozi hata afanane na jiwe. Lakini wanawake washukao mwambani wakati wa bamvua hawadanganyiki: hulitambua tundu lake kwa magamba ya kombe na vijiwe vilivyo mlangoni.

Bunju tumemweka mwisho, maana kwake jina ni jambo la uhai. Ni samaki mpole wa mwendo, ajazaye maji tumboni akawa kama mpira akitishwa. Sumu yake imo hasa katika ini na mayai, na kwa aina nyingi katika ngozi pia. Moto hauiondoi, wala mchuzi wake si salama. Midomo hufa ganzi, kisha viungo hulegea, mwisho pumzi hukatika, na huenda akili ya mgonjwa i macho muda huo wote. Mtoto wa mvuvi hulijua jina hili tangu udogoni, lakini mwalimu aliyehamishwa kutoka bara huuziwa samaki aliyekwisha kuchunwa. Na aulize jina kabla ya kutoa fedha. Akiwapo aliyekwisha kumla, apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja dalili. Dawa ya kuivunja sumu hiyo hakuna, lakini mgonjwa akisaidiwa kupumua hata sumu iishe mwilini, aweza kupona.