Vitufe vya F Vinapogoma Zamuni

Ilikuwa yapata saa nane ya usiku. Koplo mmoja wa mawasiliano, kijana hodari na mwenye nidhamu, alikuwa zamu peke yake mbele ya kompyuta, akisimamia kazi ya kukusanya kumbukumbu za miaka kadhaa katika faili moja la akiba. Kazi yenyewe ilikuwa ikifanyika katika seva iliyo mbali, ndani ya programu iitwayo Byobu, nayo ilikuwa imekwisha kula saa tano nzima. Koplo akataka kufungua dirisha la pili ili atazame nafasi iliyosalia katika diski. Akabonyeza F2. Badala ya dirisha, katikati ya skrini kikajitokeza kioja: ^[[12~. Akabonyeza F3, ikaja ^[[13~. Akabonyeza F4, akapata ^[[14~. Hofu ikamwingia, akadhani mashine imeharibika. Akabonyeza Ctrl pamoja na C. Kazi ya saa tano ikakatika pale pale.

"Afande, vitufe vimegoma," ndivyo alivyoripoti asubuhi.

Havikugoma. Vilitii amri kama kawaida, ila vilisema neno ambalo mlinzi wa upande wa pili hakuwa nalo katika daftari lake. Na kwa kuwa kosa hili huwapata wengi wanaokesha mbele ya mashine hizi, jeshini na polisi vilevile, inafaa tulieleze kinaganaga.

Byobu ni vazi tu. Mwili wenyewe ulio ndani ni multipleksa ya terminali, yaani programu inayokaa ndani ya seva, ikashika madirisha mengi kwa wakati mmoja na kuendelea kuyashika hata mtu akiondoka au laini ikikatika. Kongwe inayojulikana sana ni GNU Screen, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Oliver Laumann na Carsten Bormann mjini Berlin. Baadaye, mwaka 2007, Nicholas Marriott alianzisha tmux. Byobu, iliyoandikwa na Dustin Kirkland, huvalishwa juu ya mojawapo ya hizo mbili na kuvipa vitufe vya F kazi za mkato: F2 hufungua dirisha, F3 na F4 huhama kutoka dirisha moja hadi jingine, F6 humtoa mtu nje bila kuikatiza kazi.

Sasa, askari anapobonyeza F2, kibodi haipeleki neno "F2" huko kwenye seva. Programu ya terminali aliyokaa mbele yake hugeuza kitufe hicho kuwa mfuatano wa herufi unaoanza na alama ya Escape, ile inayoonekana katika skrini kama ^[. Mfuatano huo ndio neno la lindo. Multipleksa inapoupokea hufungua daftari liitwalo terminfo na kutafuta: je, kwa terminali ya namna hii, neno hili ni la kitufe gani? Likipatikana, kitufe hutambuliwa. Lisipopatikana, herufi hizo huachwa zipite kama zilivyo hadi kwenye kazi inayoendelea, nazo huchapwa katika skrini kama uchafu.

Na multipleksa hujuaje ni ukurasa gani wa daftari wa kusoma? Huambiwa na kigeu kiitwacho TERM. Hapa ndipo penye kiini cha kisa chetu. Koplo alikuwa akitumia PuTTY katika kompyuta ya Windows. PuTTY, isipoelekezwa vinginevyo, hujitambulisha kwa seva kuwa ni "xterm". Lakini vitufe vyake vinne vya kwanza havisemi lugha ya xterm. Daftari la xterm linangoja F1 iseme ^[OP, F2 iseme ^[OQ, F3 ^[OR na F4 ^[OS. PuTTY kwa desturi yake hupeleka ^[[11~, ^[[12~, ^[[13~ na ^[[14~. Ni sawa na mtu aliyevaa beji ya kikosi kimoja akatoa neno la lindo la kikosi kingine.

Msomaji atauliza, mbona ni vinne tu? Jibu limo katika historia. Mwaka 1978 kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani ilitoa terminali ya VT100, iliyokuwa na vitufe vinne tu vya namna hii, PF1 hadi PF4, na ndivyo vilivyopeleka ^[OP hadi ^[OS. Mwaka 1983 ikaja VT220 yenye safu ndefu ya vitufe, nayo ikavitambulisha kwa nambari. Xterm ikarithi kwa wote wawili: vinne vya mwanzo kwa babu, vilivyobaki kwa baba. Ndiyo sababu F5 ni ^[[15~, kisha F6 ikaruka hadi 17, na baada ya F10 yenye 21, F11 ikaruka hadi 23. Nambari 16 na 22 zimeachwa pale pale ambapo kibodi ya VT220 ilikuwa na nafasi tupu kati ya kundi moja la vitufe na jingine. Terminali hizo leo ziko katika majumba ya makumbusho, lakini bado zinaamuru.

Kuanzia F5, basi, PuTTY na xterm zinapatana. Na hapa pana jambo la kusikitisha: kitufe cha F6, ambacho kingemtoa koplo salama na kuiacha kazi ikiendelea, kilikuwa kizima usiku kucha. Zaidi ya hayo, hata angelifunga dirisha la PuTTY kwa hasira, multipleksa ingeendelea kuishika kazi yake, naye angerudi kuikuta.

Uchunguzi hufanywa nje ya multipleksa kwanza. Andika cat, bonyeza Enter, kisha bonyeza kitufe unachokishuku na usome kilichoonekana. Ukimaliza toka kwa Ctrl na C, kwani hapo hapana cha kuharibu. Kisha andika infocmp -1 | grep kf2 ili uone daftari linangoja nini kwa F2. Humo alama ya Escape huandikwa \E. Yakilingana, kosa liko ndani ya multipleksa. Yakitofautiana, kosa liko kwenye terminali. Kwa PuTTY dawa ni moja: ingia sehemu ya Terminal, kisha Keyboard, uchague "Xterm R6" kwa vitufe vya F, na usisahau kurudi Session ukahifadhi, la sivyo kesho utaanza upya.

Pengine cat haitaonyesha kitu chochote. Hapo neno halikufika kabisa, limenyakuliwa njiani. Terminali ya GNOME, kwa mfano, huichukua F1 kwa msaada, F10 kwa menyu na F11 kwa kujaza skrini. Kompyuta nyingi za mapajani nazo hutaka kitufe cha Fn kishikwe kwanza, vinginevyo F2 hupunguza mwanga au sauti tu. Katika Byobu kuna mtego mwingine: Shift pamoja na F12 huzima vitufe vyake vyote, na mkono wa mtu mwenye usingizi hupita hapo bila yeye kujua. Bonyeza tena, vitarudi.

Kwenye vituo vya mbali, vinavyotegemea laini nzito, kosa huwa na sura ya ugeugeu: mara kitufe kinafanya kazi, mara kinatapika herufi. Escape imefika mbele, wenzake wamechelewa, na multipleksa imechoka kungoja. Muda huo katika tmux huitwa escape-time. Kwa miaka mingi ulikuwa milisekunde 500. Toleo la 3.5 la mwaka 2024 likaushusha hadi 10. Wako pia mafundi wanaouweka sifuri ili kihariri chao kiende upesi. Kwa laini ya namna hiyo, urudisheni juu.

Jambo la mwisho ni kwa wale wanaopenda kuandika TERM=xterm katika faili zao za kuanzia. Ndani ya tmux jina hilo ni uongo. Humo linatakiwa la jamii ya screen au tmux. Vitufe vya F vya kawaida huweza kuendelea, lakini Home na End huanza kupotea, na mtu akalaumu kibodi.

Koplo alirekebisha PuTTY yake asubuhi ile ile. Saa tatu ya usiku akaianza kazi upya. Saa nane akabonyeza F2, dirisha likafunguka, akatazama diski, akaridhika. Akabonyeza F6, akaandika katika kitabu cha zamu, akaenda kunywa chai. Alipoingia tena alfajiri, faili lilikuwa limekamilika.