Fizi Zinazotoka Damu Hutibika Bila Upasuaji

Je, hutema mate yenye damu unapopiga mswaki? Wengi wetu huacha kusafisha sehemu hiyo tukidhani tunaipumzisha, na hapo ndipo ugonjwa hupata nafasi. Tatizo hili limeenea: utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban asilimia 98 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na fizi zinazotoka damu.

Chanzo ni ukoga, utando laini wenye bakteria unaoshika kwenye meno. Usipoondolewa, hugeuka kuwa ugaga mgumu ambao mswaki hauwezi kuutoa. Fizi huvimba, kisha huachana na jino. Mfupa unaoshikilia jino huliwa polepole, na jino hulegea. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe, ndiyo maana ni muhimu kuwahi. Watumiaji wa tumbaku na wenye kisukari wako katika hatari zaidi.

Matibabu hufanywaje?

Mhudumu wa meno hukwangua ugaga wote. Ukiwa umeingia chini ya ufizi, hutia ganzi na kusafisha mizizi ya jino. Hakuna kupasuliwa, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Meno yanaweza kuhisi baridi kwa siku chache.

Wengine husema kusafishwa hulegeza meno. Si kweli. Jino lililolegea lilikuwa limeshikwa na ugaga tu. Ugonjwa ndio uliolilegeza.

Unaweza kupewa dawa ya kusukutua yenye klorheksidini. Itumie kwa muda ulioelekezwa tu, kwa kuwa ikizidi hutia meno madoa. Usijinunulie antibiotiki, kwani haziondoi ugaga. Maji ya chumvi hutuliza, lakini hayatibu.

Baada ya wiki 6 hadi 12 hupimwa tena. Upasuaji hufikiriwa kwa wale tu ambao fizi zao hazijapona vya kutosha.

Nyumbani

Safisha meno mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, hata kama damu inatoka. Anayetumia mswaki wa mti, yaani caday, aendelee: autafune hadi ulainike, asugue pia upande wa ndani na meno ya nyuma, na akate ncha iliyochakaa. Wakati wa Ramadhani, safisha baada ya futari na baada ya daku. Wanaotafuna miraa kwa vinywaji vya sukari wasilale kabla ya kusafisha kinywa.

Uende wapi?

Fika kitengo cha meno katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa. Ukiwa Dadaab, Masalani, Modogashe au kwingineko, anzia kituo cha afya kilicho karibu ili uelekezwe. Mjulishe mhudumu ikiwa una ujauzito, una kisukari au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mjamzito pia anaweza kutibiwa.

Usingoje jino lilegee. Damu ndiyo dalili ya kwanza.