Kikariri: Chombo cha Kuunganisha Nyaya za Ithaneti

Ithaneti, mtandao wa kompyuta uliobuniwa Xerox PARC, California, mwaka 1973, haikubaki na waya wa namna moja. Waya mnene, ambao kipande chake hakikuruhusiwa kupita meta 500, ulifuatwa na waya mwembamba wa meta 185, kisha nyaya za shaba zilizosokotwa jozi jozi, za meta 100, na nyuzi za kioo zichukuazo mwanga. Jumba moja likawa na namna mbili tatu, zikahitaji kuunganishwa. Chombo kilichofanya kazi hiyo yafaa kuitwa kikariri.

Mtu aweza kushawishika kukiita mkalimani, kwa kuwa chasimama baina ya nyaya zisizofanana. Jina hilo lapotosha. Mkalimani hana budi kuelewa maneno. Kikariri hakijui ujumbe ni wa nani wala wasema nini. Kinachobadilika ni mwili wa ishara tu, umeme au mwanga. Ujumbe ni ule ule, na mwendo wake ni ule ule. Ndiyo sababu hakiwezi kuunganisha mtandao wa biti milioni 10 kwa sekunde na ule wa milioni 100.

Wala si kipaza sauti, ambacho hukuza maneno pamoja na makelele yake. Kikariri hutambua kila biti, kama ni moja au sifuri, kisha huitoa upya, safi. Mfano wa mtu wa safu ya kati msikitini aipazaye takbira ya imamu kwa ajili ya walio nyuma, asiifafanue wala asiiongeze.

Ila kukariri kwataka wakati. Katika Ithaneti ya biti milioni 10, kompyuta mbili zikisema pamoja, habari ya mgongano sharti izifikie kabla hazijamaliza ujumbe mfupi kabisa, yaani ndani ya mikrosekunde 51.2, na kila kikariri huchelewesha kidogo. Kwa hiyo baina ya kompyuta mbili viliruhusiwa vikariri vinne na vipande vitano, na vipande vya waya mnene au mwembamba vyenye kompyuta visizidi vitatu. Aliyepuuza hesabu hiyo hakuona mtandao umekatika. Aliona ujumbe ukipotea hapa na pale, kosa lililo gumu mno kulitafuta.

Siku hizi swichi zimechukua mahali pa vikariri karibu kila pahali. Swichi husoma anwani ya ujumbe na kumpelekea mwenyewe. Atakayeipa jina la Kiswahili yafaa aanzie hapo, si kwenye umbo, kwani visanduku hivyo viwili kwa nje vyafanana.